Tuzo za Waganga Zipimwe kwa Haki

Mwaka 2011, katika Mkoa wa Pwani, ulianzishwa mpango wa kuwatuza watumishi wa afya kwa kadiri ya kazi yao. Kila baada ya miezi sita ilihesabiwa kazi iliyotimizwa: akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, wajawazito wangapi wamepewa dawa ya kukinga malaria. Kituo kilichofikia lengo kililipwa, na watumishi wake wakapata fungu lao. Matunda yalionekana, kwani waliojifungulia vituoni waliongezeka.

Jambo hilo twalisifu. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa hapo mwanzo vituo vilivyokuwa na dawa na vifaa ndivyo vilivyopata fedha nyingi kuliko vile duni. Je, ndugu, hiyo ni haki? Mganga wa zahanati isiyo na dawa atashindanaje na mwenziwe ambaye ghala yake imejaa? Tena idadi ya waliojifungua haisemi mama alipokewa kwa lugha gani, na kila aliyepata kupanga foleni hospitalini ajua uzito wa neno hilo.

Sisi twataka kila zahanati ipewe dawa na vifaa kwanza, ndipo mizani iletwe. Na mgonjwa naye aulizwe alivyohudumiwa.