Nauli Kabla ya Turubai



Mtu ambaye VVU vimekwisha kumlia kinga ya mwili haanzi kuonekana wodini. Anaanza kuonekana kwetu. Dada wa duka la dawa anamuuzia dawa ya kikohozi kwa mara ya nne. Fundi mwenzake anamwona akikaa chini kila baada ya ndoo mbili za zege. Mkewe anabadilisha shuka lililolowa jasho usiku wa manane, na mama mwenye nyumba anajua kabisa kwamba mpangaji wake hajala tangu juzi kwa sababu mdomo unamuuma. Wote hao wanajua jambo ambalo daktari bado hajalijua. Na kwa desturi yetu wote wananyamaza, au wanalisemea pembeni. Ninaandika kuomba tuache vyote viwili.

Hali ninayoizungumzia, wataalamu wanaiita hatua ya juu ya maambukizi ya VVU. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake maalumu: ni mtu mzima ambaye seli zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, au aliyekwisha kupata magonjwa ya hatua ya tatu au ya nne, kama kifua kikuu (TB). Mtoto mwenye VVU aliye chini ya miaka mitano, na hasa ambaye hajatulia kwenye dawa, huhesabiwa yuko katika hatua hiyo hata kama anakimbia uwanjani.

Wengi tunadhani mambo haya yaliisha. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, tukazika watu miaka ishirini, kisha dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure mwaka 2004 na misiba ikapungua. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 wanajua hali zao. Kati ya hao asilimia 97.9 wako kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 virusi vyao vimefubaa. Ni kazi kubwa imefanyika, asiyeona hilo ana lake jambo. Lakini ukizihesabu kwa upande wa pili, katika watu wazima wapatao milioni moja na nusu, zaidi ya laki mbili na nusu wanatembea bila kujua. Kwa Njombe, ambako kiwango cha maambukizi ni asilimia 12.7, hakuna mtaa wa kusema "hapa kwetu hayupo."

Halafu wapo walioanza dawa wakaziacha. Huyu alihamia machimboni na kadi yake ya kliniki ya VVU (CTC) ikabaki kwa shangazi. Yule alioa na hakutaka mke mpya aone kopo la dawa. Mwingine alijisikia mzima tu, akaona vidonge vya nini. Mwaka 2011 tuliona maelfu wakipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na miongoni mwao walikuwapo waliotupa dawa zao wakiamini wamepona. Kikombe kilipita, ila tabia ile ipo. Bado kuna mimbari ambako mgonjwa anaambiwa imani yake itapimwa kwa kuacha vidonge. Wachungaji, mashehe, mitume na manabii: ombeeni watu, wekeni mikono, someni dua, kisha mwambieni mgonjwa dawa anywe leo jioni kama jana.

Sasa tuje kwenye dalili, maana wito bila maarifa ni kelele.

Kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kwa mtu mwenye VVU hata moja kati ya hizo inatosha kumpeleka kupimwa kifua kikuu, ambacho ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wenye VVU duniani. Hahitaji kusubiri zitimie zote. Na asiyeweza kutoa makohozi asikate tamaa: kipo kipimo cha mkojo kinachotoa jibu kwa dakika 25, na kinamfaa hasa mgonjwa aliyedhoofu kiasi cha kushindwa kukohoa. Utando mweupe mdomoni unaofanya chakula kipite kama miiba ni fangasi, na ukishuka kooni ni ishara kwamba kinga imeporomoka. Kuharisha kwa zaidi ya mwezi. Mkanda wa jeshi kwa kijana. Madoa ya rangi ya zambarau kwenye ngozi au kwenye kaakaa. Upande mmoja wa mwili kulegea. Macho kufifia. Hivi vyote mtu wa kawaida huviona bila mashine.

Tatizo la mitaani ni kwamba tunavitibu kimoja kimoja. Mgonjwa anapimwa malaria, anaambiwa ana taifodi, wiki inayofuata anapewa sindano za U.T.I., mwezi unakatika. Akina dada na akina kaka wa maduka ya dawa muhimu, hapa mna nguvu kuliko mnavyodhani. Mteja akirudi mara ya tatu kwa homa ileile, usimuuzie tena. Mwambie kwa upole, wengine wasisikie: "Kaka yangu, hii sasa inataka vipimo vyote, pamoja na VVU na TB." Mauzo ya siku hiyo yatapungua kidogo tu.

Kwa maumivu ya kichwa niruhusuni nikae zaidi. Ipo fangasi iitwayo kriptokokasi ambayo huingia kwa hewa, na kinga ikiwa chini hupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa anaumwa kichwa kila siku zaidi ya jana, dawa za maumivu zinagonga mwamba, shingo inakaza, anatapika, anaona vitu viwili viwili, baadaye anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo ndipo majirani wanaposema amerogwa, au ana mapepo, na siku tatu za thamani zinaishia kwa mganga. Bila matibabu ugonjwa huu karibu daima unaua. Makadirio ya dunia ya mwaka 2020 yaliuhesabu kuwa chanzo cha vifo takriban 19 katika kila 100 vinavyotokana na UKIMWI.

Hospitalini nako kuna mtihani wa pili, na huo ni wa ndugu. Daktari anataka kutoa maji ya uti wa mgongo, na mjomba anakataa kwa sababu alisikia kuna mtu alitolewa maji akapooza, au akafa. Wengi wanaokufa baada ya kipimo kile huwa wamefikishwa wamechelewa; sindano inasingiziwa tu. Inachomwa chini, kwenye pingili za kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umekwisha kupita. Kwa mgonjwa wa kriptokokasi kuyatoa maji hayo ni tiba pia, maana shinikizo ndani ya kichwa linashuka na maumivu yanapungua. Dawa yenyewe siku hizi imerahisishwa: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mshipani, ikienda pamoja na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli. Kwa hiyo mjomba, ukiitwa kutia saini, uliza maswali yako yote, kisha tia saini.

Mgonjwa huyu wa kichwa ana jambo lingine la pekee. Wengi wenye VVU huanzishiwa dawa haraka, hata siku ileile ya kupimwa. Yeye hucheleweshwa, wiki nne hadi sita, mpaka fangasi itulie, kwa sababu kinga ikiamka ghafla inaweza kuvimbisha ubongo. Ndiyo maana ni hatari mke kumgawia mume vidonge vyake nyumbani "ili apate nafuu wakati tunatafuta nauli." Nia ni njema, lakini vinaweza kumuua. Hata kwa wengine walioanza dawa vizuri, wiki za mwanzo zinaweza kuleta homa mpya au tezi kuvimba: kinga iliyokuwa imelala imeanza kupambana na wadudu waliokuwa wamejificha. Watu hudhani dawa ndiyo mbaya, wakaiacha. Mwenye hali hiyo arudi kliniki na vidonge vyake mkononi, asisubiri tarehe ya kadi.

Na zipo ishara za kuondoka nyumbani saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku. Hesabuni kwa saa ya simu: akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, mapigo ya moyo yakifika 120, joto likifika nyuzi 39, au akishindwa kutembea bila kushikwa. Kuchanganyikiwa na degedege sidhani kama vinahitaji kuelezwa.

Lakini macho nayo yana mpaka. Katika utafiti wa REALITY, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, karibu nusu ya watu wenye CD4 chini ya 100 hawakuwa na dalili nzito. Washiriki walipoongezewa dawa za kuzuia magonjwa nyemelezi pamoja na za kufubaza virusi, vifo ndani ya wiki 24 vilishuka kutoka asilimia 12.2 hadi 8.9. Kwa hiyo anayeanza dawa, au anayerudi baada ya kuziacha, apimwe CD4 hata kama amenenepa. Zikiwa chini, kuna kipimo cha tone la damu cha kriptokokasi kinachogundua kabla kichwa hakijaanza kuuma, kuna kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Septrini, na kuna dawa za kuzuia kifua kikuu.

Kwa nini basi nawaita ninyi, nisiwaite madaktari? Kwa sababu ya jambo lililothibitishwa hapahapa kwetu. Katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, watu wapatao 2,000 waliokuwa na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipimwa kriptokokasi, na kila mmoja akatembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, katika wiki za mwanzo za dawa, na mtu asiye daktari wala muuguzi aliyepewa mafunzo mafupi. Baada ya mwaka, kwenye kundi la kwanza walikuwa wamefariki asilimia 18, kwenye la pili 13. Matokeo yalichapishwa 2015. Sehemu ya kipimo na sehemu ya kubisha hodi haziwezi kutenganishwa kwa urahisi, lakini hodi ilikuwamo.

Wabisha hodi wamepungua. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wahudumu wengi wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi ile wakarudishwa nyumbani. Hatuwezi kukaa tukingoja Washington ibadilishe mawazo.

Ninachoomba ni kidogo. Msiba ukitokea saa kumi alfajiri, saa mbili turubai limefungwa, viti vimefika, daftari la michango liko mezani. Marehemu huyohuyo wiki tatu nyuma alikosa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Karibu kila kikoba kina mfuko wa jamii, na jumuiya nyingi zina fungu la maafa. Tukubaliane kwamba nauli ya mgonjwa itoke humo, bila kuuliza anaumwa nini na bila kutangaza jina. Bodaboda wa kijiwe wapange zamu ya usiku, kikoba kiwalipe.

Neno hilo la kutouliza nalisisitiza. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na mtaa unaogeuka polisi wa afya utawaficha wagonjwa ndani zaidi. Kumwambia mtu njiani "mbona umekonda hivyo" hakumsaidii. Mfuate kwake, mkae wawili, umwambie uko tayari kumsindikiza. Akikubali kupimwa lakini anaogopa kuonekana kituoni, kipo kipimo cha kujipima mwenyewe, kilichoruhusiwa kisheria mwaka 2019. Na wauguzi wetu wa CTC, tunawaheshimu kwa kazi mnayoifanya na foleni mnazozibeba, ila mtoro aliyerudi msimgombeze mbele za watu. Amevuka aibu kubwa kufika hapo mlangoni.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa au kijiji, mmoja wetu asimame amuulize mganga mfawidhi: CD4 inapimwa hapa au sampuli inasafirishwa, na majibu yanarudi baada ya siku ngapi? Kipimo cha mkojo cha TB kipo? Cha kriptokokasi? Flusitosini ipo hospitali ya wilaya leo, au tunaambiwa tukanunue? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, mwenyekiti agonge muhuri, nakala ipewe kamati ya usimamizi wa kituo na nyingine diwani aende nayo kwenye kikao cha bajeti ya halmashauri.