Kodi ya Nyumba kwa Kadi ya Mkopo

Ipo nchini Marekani, kwa miaka mingi sasa, biashara moja ambayo yafaa wafanyakazi wa huku kwetu waitazame vizuri, kwa kuwa ndugu yake mdogo amekwisha kuingia katika simu zetu. Ni biashara ya kumlipia mtu bili za nyumbani kwa kadi ya mkopo mahali ambapo kadi hiyo haipokewi. Mwenye nyumba haitaki, kwa sababu kila apokeaye kadi hukatwa asilimia 2 au 3 ya fedha zake. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kati. Huitoza kadi ya mpangaji, kisha humpelekea mwenye nyumba hundi kwa posta, au fedha kwa njia ya benki, naye kwa kazi hiyo hudai ada yake.

Kampuni iliyojulikana sana katika kazi hii ni Plastiq, iliyoanzishwa mwaka 2012. Kwa miaka kadhaa ilitoza asilimia 2.5, baadaye ikapandisha hadi 2.9. Masikioni ni kitu kidogo. Basi tuifanyie hesabu kwa chaki na ubao, kama tulivyofundishwa na mapadre. Mpangaji ambaye kodi yake ni dola 1,500 kwa mwezi hutoa ada ya dola 43.50. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa dola 522, yaani zaidi ya theluthi moja ya kodi ya mwezi, wala hajaongezewa chumba, wala paa lake halijazibwa.

Amenunua nini basi? Amenunua siku. Mtu asiye na deni la nyuma, akiitumia kadi siku ile ile hesabu mpya ya mwezi inapofunguliwa, huweza kukaa kiasi cha siku 50 kabla ya kutakiwa kulipa. Lakini asilimia 2.9 kwa siku 50 ni sawa na asilimia 21 kwa mwaka, na hiyo ndiyo riba ambayo kadi za Marekani zimekuwa zikitoza, kwa wastani, tangu mwaka 2023. Kwa hiyo muda ule unaotangazwa kuwa hauna riba, mpangaji ameulipia riba mlangoni kabla hajaingia ndani. Na siku ikifika asiweze kumaliza deni, riba ya pili huanza kuhesabiwa juu ya kodi, na juu ya ile ada pia. Tena hundi ikichelewa njiani, mwenye nyumba hamdai mtu wa kati, humdai mpangaji.

Wapo wanaofaidika, wala hatutaki kulificha jambo hilo. Kadi nyingi hurudisha asilimia 1 au 2 kwa njia ya pointi, na hiyo haifikii ada. Lakini mwenye kadi mpya huahidiwa zawadi ya dola mia kadhaa kama atatumia dola elfu kadhaa katika miezi mitatu ya kwanza. Yeye huipitisha kodi ya nyumba humo, huchukua zawadi, hulipa deni lote, akaenda zake. Mtu huyo ana akiba. Na zawadi yake haikuanguka kutoka mbinguni, maana mwenye duka hupandisha bei kwa wote ili afidie anachokatwa na benki, na asiye na kadi hununua sukari kwa bei hiyo hiyo. Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walikadiria kwamba, kwa wastani, kila nyumba inayolipa kwa fedha taslimu hutoa dola 149 kwa mwaka kwenda kwa wenye kadi, na kila nyumba yenye kutumia kadi hupokea dola 1,133.

Hata hivyo wale wanaomcheka mpangaji wa namna hii kuwa ni mjinga, hatuwaungi mkono. Tumchukue mtu ambaye mshahara wake hutoka tarehe 5, kodi yake inatakiwa tarehe 1, na faini ya kuchelewa ni dola 75. Atatoa 43.50 ili aokoe 75. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kosa liko katika zile siku nne baina ya mshahara na kodi, ambazo mwajiri hazimuumi na mwenye nyumba hazimuumi, bali mtu wa tatu amejenga duka juu yake. Afanyapo hivyo mwezi baada ya mwezi, kodi ya nyumba hugeuka kuwa deni la benki. Na madeni ya kadi ya Wamarekani yalipita dola trilioni moja mwaka 2023.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu wa kati mwenyewe hakutajirika. Mwezi wa Mei 2023 Plastiq ilikimbilia mahakama ya ufilisi, na mwaka huo huo ikanunuliwa na kampuni ya Priority. Sehemu kubwa ya ada katika biashara hii haikai kwa anayeipokea. Huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki ya Wells Fargo, kwa kushirikiana na kampuni ya Bilt, ilitoa kadi ya kulipia kodi bila kumtoza mpangaji ada yoyote, na pointi juu yake. Mwezi wa Juni 2024 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba benki hiyo ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 10 kila mwezi. Ilikuwa imetumaini kwamba wapangaji wataliacha deni likae lizae riba, kumbe wengi walililipa upesi. Twaomba msomaji alisome tena hilo: hasara ya benki ilikuwa watu kulipa madeni yao.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo mwaka 2015, kwamba benki iliyotoa kadi ya mkopo isichukue zaidi ya asilimia 0.3 kwa kila malipo ya mnunuzi wa kawaida. Marekani iliweka kikomo kwa sheria ya mwaka 2010, lakini kwa kadi zinazotoa fedha ya mtu mwenyewe benki tu. Kadi za mkopo ziliachwa.

Sasa tuje kwetu, ambako wenye kadi ya mkopo ni wachache na wenye simu ni wengi. Fuliza ilianzishwa Kenya mwezi wa Januari 2019 na Safaricom pamoja na benki mbili. Tanzania tunayo Songesha ya Vodacom. Mtu anunua umeme usiku, salio halitoshi, simu yamwambia kwamba pungufu laweza kukopwa papo hapo. Taa yawaka. Fuliza hutoza asilimia 1 ya mkopo, kisha ada ya kila siku, ambayo mwaka 2022 ilipunguzwa, na wakopaji wa shilingi 1,000 za Kenya kurudi chini wakapewa siku tatu bila ada hiyo. Lilikuwa jambo jema. Lakini Mmarekani wetu, pamoja na taabu zake zote, aliuza siku 50 zijazo na akachagua mwenyewe siku ya kulipa. Mkopaji wa simu hachagui. Shilingi yoyote iingiayo hukatwa kwanza, hata kama imetumwa na kaka yake kwa ajili ya dawa ya mtoto.

Kwa hiyo twazitaka kampuni hizi mambo mawili. Kabla mtu hajabonyeza kukubali, simu imwandikie kwa shilingi, si kwa asilimia, mkopo huo utamgharimu kiasi gani ukikaa hadi mwisho wa mwezi. Na fedha ikiingia, aulizwe kwanza ikatwe kiasi gani.