Mdhamini Hatoki Kwenye Apu

Imani iliyowashika vijana wetu wa kompyuta mpakato ni kwamba mtu hana kazi kwa sababu hana namba za watu. Wahamasishaji wameihubiri mpaka imekuwa kauli ya mtaani: koneksheni ndiyo mtaji. Toka hapo, kampuni changa haiko mbali. Itengenezwe apu, ukiingia ukumbi wa kongamano uskani, uone nani yupo na anafanya nini, mbadilishane mawasiliano, mchongo uzaliwe. Kwenye slaidi wazo linang'aa. Mtaani halina kazi, maana linatibu ugonjwa tusioumwa.

Hapa Nyakato, Musoma, nani hafahamiki? Fundi wa madirisha ya aluminiamu ana namba ya mhandisi, ya diwani na ya mwenye nyumba anayejenga. Anachokosa ni mtu mmoja wa kumwambia mwenye nyumba: huyu nilimpa hela ya vifaa, hakunikimbia. Kufahamiana kupo tele; kudhaminiana ndiko haba.

Na kunakotengenezwa udhamini tunakujua. Kamati ya harusi, ile ambayo wasomi wetu huicheka kwa michango yake, inawakalisha mwalimu, muuguzi, dereva wa bodaboda na mfanyabiashara wa dagaa chini ya mwenyekiti mmoja, wiki baada ya wiki. Kila mmoja ameweka ahadi mbele ya wenzake. Hapo ndipo utamjua anayelipa kabla hajakumbushwa, msemaji wa kikao asiyetoa hata senti, na yule ambaye akipewa fedha za mapambo anarudi na risiti na chenji. Siku ya kukata ndafu, umeshajua wa kumkopesha na wa kumwepuka. Kikoba nacho ni hivyohivyo: unanunua hisa wenzako wakiona, na ukitaka mkopo, mwanachama mwenzako anakubali kubanwa ukishindwa. Apu gani itakupa hilo kwa kugusa kioo?

Wamarekani, wenye simu janja kila mfuko, wamejaribu. Apu ya Bump iliwawezesha watu kugonganisha simu na kupeana namba. Google iliinunua mwaka 2013, na Januari 2014 ikazimwa. Highlight ya mwaka 2012 ilikuonyesha nani yuko karibu nawe na mnafanana kwa lipi, nayo haikudumu. Mwanzilishi wake, Paul Davison, ndiye baadaye aliyekuja na Clubhouse, ile ambayo watu walihangaikia mwaliko wake mwaka 2021. Uliza leo nani anaifungua.

Watetezi wa apu watanitajia Mark Granovetter, mwanasosholojia aliyeandika mwaka 1973 kwamba habari za kazi huja zaidi kupitia watu tusioonana nao sana. Ni kweli: kati ya aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu, kama asilimia 17 tu ndio waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Lakini msomeni mpaka mwisho. Mara nyingi huyo aliyeleta habari alikuwa rafiki wa zamani wa chuo, mfanyakazi mwenza wa zamani, bosi wa zamani. Hao si wageni waliopeana namba jana ukumbini.

Hapa kwetu tumeshaona yanayotokea watu wakikutanishwa na karatasi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Watu wakaokotana, wakapanga majina, wakasajili. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo, vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa yakiwa miongoni mwa sababu, na ikabidi utaratibu upangwe upya kabla ya kuanza kutolewa tena mwaka 2024. Majina yalikuwepo. Namba za simu pia.

Kama kuna kitu kibovu, ni makongamano yenyewe. Mwaliko unasema saa tatu, mgeni rasmi anafika saa tano. Itifaki, utambulisho wa meza kuu, risala, hotuba, picha ya pamoja kwa makundi (kila kundi na tabasamu lake), chakula, saini ya posho, kwaheri. Muuza dagaa wa Mwigobero, hapahapa Musoma, amekaa siku nzima amempa mgongo mnunuzi wa jumla aliyemtafuta mwaka mzima. Ukiongeza apu hapo, wataskaniana huku wakisinzia.

Sisemi simu haina msaada. Huduma ya M-Koba, iliyoanzishwa na Vodacom na benki ya TPB mwaka 2019, haikumtambulisha mtu kwa mtu. Ilikifuata kikundi ambacho tayari kinaaminiana, ikakitunzia fedha, na mwenye kiswaswadu hakuachwa nje.

Kwa hiyo kijana unayeandika programu Nyakato, omba ukatibu wa kamati ya harusi inayofuata. Chukua daftari la ahadi, fuatilia wadaiwa, ujue mweka hazina anakwama wapi saa nne usiku akihesabu michango, kisha tengeneza chombo cha kumsaidia yeye. Nanyi mnaoandaa makongamano, mpeni mgeni rasmi dakika kumi, ondoeni meza kuu, na kila mshiriki aje na mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi, asimame amdhamini mbele ya wote.