Bujumbura: Kujifungua ni bure, lakini saa zinazofuata kupasuka kwa chupa zina gharama

Saa nane za usiku katika mtaa wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Mjamzito aliyetimiza miezi tisa anaamka na kukuta kitanda kimelowa. Hasikii maumivu yoyote, na hana hakika kama ni mkojo uliomtoka au ni chupa iliyopasuka. Mama mkwe anamshauri alale, kwani uchungu bado haujaanza. Mume ameshika simu, anapitia majina ya madereva wa teksi na kujiuliza ni yupi kati yao aliyepata mafuta jana. Hiki si kisa cha familia moja tunayoijua. Ni hesabu ambayo nyumba nyingi za jiji hili zimelazimika kuipiga tangu uhaba wa mafuta ulipogeuka kuwa jambo la kila siku nchini Burundi.

Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais wa wakati huo Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo na watoto walio chini ya umri wa miaka mitano watatibiwa bure. Uamuzi huo ulibadilisha mengi na haifai kuudharau. Hata hivyo, ulifuta bei ya kitanda cha kujifungulia, haukufuta bei ya njia ya kukifikia. Kupasuka kwa chupa ndiko kunakoidhihirisha tofauti hiyo waziwazi, kwa sababu kuanzia dakika hiyo kila saa ina uzito wake, hata kama mama anajihisi mzima na hana uchungu.

Maji yanayohesabiwa kwa saa

Chupa, neno tunalolitumia wasemaji wa Kiswahili kuanzia Buyenzi hadi Rumonge na hata ng'ambo ya pili kule Uvira, ni mfuko wa utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni. Ndani yake mna maji ambayo, katika nusu ya pili ya mimba, hutokana zaidi na mkojo wa mtoto mwenyewe. Huyameza, huyatoa tena, na kwa namna hiyo maji hujisasisha bila kukoma. Kati ya wiki ya 34 na ya 36 hufikia takriban mililita 800, kisha hupungua kidogo kidogo. Humkinga mtoto na mishtuko, huizuia kamba ya kitovu isibanwe, na huyasaidia mapafu kukua. Utando nao ni ukuta. Ukiwa mzima, vijidudu vya ukeni havipandi kwa urahisi hadi kwa mtoto.

Filamu zimetuzoesha kuona maji yakimwagika kwa kishindo sokoni au harusini, na dakika tano baadaye mtoto analia. Mambo hayaendi hivyo mara nyingi. Kwa wanawake wengi chupa hupasuka uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Miongoni mwa waliotimiza miezi yao, takriban wanane kati ya 100 ndio ambao maji huwatoka kabla ya uchungu, na wakati mwingine hutiririka kidogo tu, kama jasho. Hapo ndipo wengi hukosea. Mkojo una harufu inayojulikana na mtu anaweza kuuzuia. Maji ya uzazi huendelea kuvuja hata mama akijibana, na akiweka kitambaa safi atakikuta kimelowa tena baada ya muda mfupi. Asiye na hakika aende akapimwe. Kwenda kituoni na kuambiwa kuwa ni mkojo si aibu.

Wengi wa wanawake hao huanza uchungu ndani ya saa 24. Kwa nini basi wasisubiri nyumbani? Kwa sababu ukuta umebomoka. Kadiri saa zinavyopita, ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka kwa mama na kwa mtoto, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba mwanamke aliyetimiza miezi na ambaye maji yamemtoka aanzishiwe uchungu hospitalini. Akiwa njiani au nyumbani asiingize kitu chochote ukeni, wala mtu yeyote asimpime kwa vidole ili kujua kama njia imefunguka, awe bibi mwenye uzoefu au jirani mwenye nia njema. Hata kituoni, mkunga anayefuata kanuni hupima kwa vidole mara chache iwezekanavyo, kwani kila kipimo huongeza hatari ya kuingiza vijidudu.

Mimba ambayo haijatimiza wiki 37 ina hukumu tofauti kabisa. Hapa lengo la waganga huwa ni kumpa mtoto siku zaidi tumboni chini ya uangalizi. Mama hupewa dawa ya kuzuia maambukizi, na WHO inapendekeza erithromaisini. Akiwa chini ya wiki 34 huenda akachomwa sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto, mradi hakuna dalili za maambukizi na hospitali ina uwezo wa kumhudumia mtoto njiti. Shirika hilohilo linaonya dhidi ya mchanganyiko wa amoksilini na asidi ya klavulaniki katika hali hii, kwa kuwa umehusishwa na ugonjwa hatari wa utumbo wa watoto wachanga. Dawa hiyo ni maarufu madukani. Mume anayetoka mbio kwenda duka la dawa la mtaani, badala ya kumpeleka mkewe hospitalini, anaweza kurudi na kile hasa kisichofaa.

Rangi nayo husema. Maji ya kawaida hayana rangi au yana umanjano hafifu. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amekwisha kutoa choo ndani, jambo linaloweza kuashiria kwamba anapungukiwa na hewa. Harufu mbaya pamoja na homa ni dalili za maambukizi. Damu nyingi huenda ikamaanisha kuwa kondo limeanza kubanduka. La kutisha zaidi, ingawa ni nadra, ni kamba ya kitovu kutangulia mtoto baada ya maji kumwagika. Mama akiona au akihisi kitu kama kamba ukeni, apige magoti, ainamishe kifua hadi chini na kuinua makalio juu, akae hivyo mpaka msaada ufike, kwa kuwa kichwa cha mtoto kinaweza kuibana kamba hiyo na kukata damu kwa dakika chache tu. Dakika hizo hazitoshi kumtafuta dereva mwenye mafuta.

Bure hadi mlangoni

Kabla ya tangazo la 2006 hali ilikuwa ngumu mno. Ripoti ya Human Rights Watch iliyotoka Septemba mwaka huohuo ilieleza jinsi wagonjwa maskini walivyozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Matibabu ya bure yalipoanza, vituo vilifurika ghafla kabla fedha na dawa hazijapangwa. Mwaka 2010 serikali iliuunganisha mpango huo na mfumo wa kuvilipa vituo kulingana na huduma vinazotoa, na wanawake wakazidi kumiminika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kuwa takriban watoto sita kati ya kumi walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2016-2017 uliikuta idadi hiyo imefika asilimia 84. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila vizazi hai 100,000.

Yafaa kuzisoma takwimu hizo mara mbili. Ikiwa zaidi ya wanane kati ya kumi hujifungulia mikononi mwa wahudumu na bado vifo ni zaidi ya 300, basi tatizo halipo tena katika kuwashawishi akina mama waende hospitalini. Liko katika saa wanayofika na katika wanachokikuta. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliugawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika hatua tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tangazo la 2006 lilipunguza uzito wa hatua ya kwanza, kwani hofu ya deni ilikuwa ikiwafunga watu miguu. Hatua ya pili, ile ya njiani, imezidi kuwa nzito jijini Bujumbura katika miaka ya karibuni.

Machi 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji na katika sehemu kubwa ya mitaa inayolizunguka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajali na usalama barabarani, na hakuna anayekana kwamba ajali zilikuwepo. Lakini pikipiki ndiyo iliyokuwa usafiri wa haraka wa mtu asiye na gari, pamoja na hatari zake zote kwa mjamzito. Kisha ukaja uhaba wa mafuta, matokeo ya ukosefu wa fedha za kigeni za kuagizia bidhaa hiyo. Magari yamekesha foleni kwenye vituo vya petroli, mabasi yamepungua, na wafanyakazi wamezoea kutembea kwa saa nzima au zaidi kurudi makwao. Mtu mzima anaweza kuivumilia hali hiyo. Mwanamke anayevuja maji, ambaye pengine kamba ya kitovu imebanwa bila yeye kujua, hana uvumilivu wa kutoa.

Serikali inaweza kujibu kwamba magari ya wagonjwa yapo na hupewa kipaumbele kwenye foleni za mafuta. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ila gari la wagonjwa, katika utaratibu wa Burundi, kazi yake kubwa ni kumhamisha mgonjwa kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa. Kutoka nyumbani hadi kituo cha kwanza familia hujitegemea, na hilo ndilo pengo ambalo neno “bure” halijawahi kulifunika.

Somo la Kabezi

Mfano wa kile kinachowezekana hauko mbali. Kabezi iko kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara inayofuata ziwa kuelekea Rumonge. Mwaka 2006 shirika la Madaktari wasio na Mipaka, MSF, lilifungua huko kituo cha dharura za uzazi kilichofanya kazi usiku na mchana bila malipo. Hoja yangu haihusu vyumba vya upasuaji, ingawa vilihitajika. Inahusu simu na magari. Vituo vya afya vya vilimani viliunganishwa na Kabezi kwa mawasiliano, mkunga akipiga simu gari la wagonjwa linaondoka, na mwanamke hadaiwi hata faranga moja ya mafuta. Uchunguzi uliofanywa kuhusu mwaka 2011 ulikuta kwamba muda wa kawaida kutoka simu kupigwa hadi mama kufikishwa ulikuwa dakika 78, na kila safari iligharimu takriban euro 60. MSF ilikadiria kuwa vifo vya uzazi katika eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74.

Makadirio ya aina hiyo yana mipaka yake, na mtu ana haki ya kuhoji namna yalivyopigwa. Tena euro 60 ni fedha nyingi kwa hazina ya nchi ambayo bajeti yake ya afya hutegemea sana wahisani, na shirika lilipoikabidhi kazi hiyo kwa wizara, ugumu wa kuiendesha bila fedha za nje ulijulikana mapema. Lakini Kabezi ilithibitisha jambo moja ambalo watunga sera wa Bujumbura hawawezi kulikwepa. Mafuta ya gari la wagonjwa ni sehemu ya huduma ya uzazi, sawa na glovu na uzi wa kushonea. Yakiachwa nje ya hesabu ya “bure”, yule aliye mbali na asiye na kitu ndiye anayeyalipia, na wakati mwingine hulipa kwa mtoto.

Kuna jambo jingine linalowahusu wasemaji wa Kiswahili hasa. Katika vyumba vya kujifungulia vya jiji hili mazungumzo ni kwa Kirundi, na daftari huandikwa kwa Kifaransa, ambamo chupa iliyopasuka kabla ya uchungu hufupishwa kwa herufi tatu, RPM. Mwenyeji wa Buyenzi hupita kwa urahisi, kwani Kirundi anakijua. Hali ni tofauti kwa mama aliyekuja Februari 2025 pamoja na makumi ya maelfu ya Wakongo waliovuka Mto Rusizi wakikimbia vita vya Kivu. Yeye anaweza kusema “chupa” na asieleweke, au kuulizwa swali asilielewe akajibu ndiyo kwa adabu. Wahudumu wa afya wa jamii wanaojua lugha zote mbili wapo, nao wangeweza kufundishwa kuuliza mambo matatu tu: maji yametoka saa ngapi, yana rangi gani, mtoto anacheza?

Mkunga anapomfungulia mama fomu ya kufuatilia uchungu, kuna mstari maalumu wa maji: yapo au hayapo, ni safi, yana choo cha mtoto, yana damu. Mstari huo hujazwa kuanzia mama anapopokelewa wodini. Saa zilizotangulia, zile za kitandani Kinama na za kumngoja dereva barabarani, huingia katika fomu iwapo tu mama anazikumbuka na kuna anayemsikiliza. Ndiyo maana swali la mkunga makini, hata kabla ya jina na umri, huwa ni hili: chupa ilipasuka saa ngapi?