Msingi wa imani hauwekwi siku ya mtihani

KILA mvua ya masika inaponyesha, mimi hukumbuka madarasa mawili ya shule niliyowahi kufundisha. Yalijengwa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Fundi mmoja mzee alitushauri tuuchimbe na kuuondoa wote hadi tufikie ardhi ngumu. Kamati ikaona huo ni ubadhirifu, kwani fedha zinazofukiwa ardhini hazionekani na mgeni wa heshima siku ya ufunguzi. Kuta zikapandishwa, zikapakwa rangi ya kupendeza. Kabla ya mwaka wa pili kutimia, nyufa zilikuwa zimepanda kutoka dirishani hadi kwenye paa.

Nayaleta haya kwa sababu naamini ndivyo wengi wetu, walimu tulio Wakristo, tunavyoijenga imani ya vijana tuliokabidhiwa.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mlezi wa chama cha wanafunzi Wakristo. Kila muhula wa tatu tuliandaa siku ya maombi kwa ajili ya watahiniwa wa Kidato cha Nne. Wazazi walifurika, wahubiri wakaalikwa, kalamu na rula zikarundikwa mezani zikaombewa na kupakwa mafuta. Mwaka mmoja, kijana aliyeongoza sifa siku hiyo huku machozi yakimtiririka alipatikana katika chumba cha mtihani na karatasi ya majibu ndani ya soksi. Nilipomhoji, alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nilimwomba Mungu anifungulie njia. Nilidhani ndiyo hii."

Nilikuwa tayari kumkemea kwa unafiki, lakini nafsi ilinisuta. Ni nani aliyemfundisha kuwa maombi ni njia ya mkato? Ni mimi niliyezipanga kalamu zile mezani.

Mwaka wa 2016, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Dkt. Fred Matiang'i, alipiga marufuku siku za maombi katika muhula wa tatu, katika juhudi za kukomesha udanganyifu. Nilikuwa miongoni mwa walionung'unika kwamba Mungu anafukuzwa shuleni. Leo nayaona mambo kwa jicho jingine. Iwapo imani ya mwanafunzi yaweza kuondolewa kwa agizo la waziri, basi haikuwa na msingi tangu mwanzo.

Hebu tumtazame Danieli. Mfalme Dario alipotia sahihi amri ya kukataza maombi kwa siku 30, Danieli hakuitisha mkutano wa dharura. Alirudi nyumbani akapiga magoti mara tatu kwa siku, jinsi ilivyokuwa desturi yake. Nguvu zake hazikutoka katika tundu la simba. Zilitoka katika miaka mingi ya siku za kawaida ambazo hakuna aliyemtazama. Vivyo hivyo, katika mfano wa nyumba mbili, Luka anatueleza kwamba mjenzi mwenye busara alichimba kwenda chini kabla ya kuweka msingi juu ya mwamba. Aidha, tukumbuke kuwa mafuriko yalizipiga nyumba zote mbili. Imani haimwondolei mtu mtihani. Humwezesha kusimama mtihani unapokuja.

Yamkini msomaji atauliza: je, ni kosa kuwaombea watahiniwa? La hasha! Kijana mwenye hofu anahitaji kujua kwamba wazazi na walimu wake wako pamoja naye. Kosa ni kuifanya siku moja kuwa msingi, ilhali siku hiyo ni paa tu.

Msingi wenyewe ni mambo madogo. Injili ya Luka ina sura 24. Mwanafunzi anayesoma sura moja kila alfajiri kabla ya kengele ya gwaride ataimaliza kabla ya mwezi kwisha. Kurudisha kitabu ulichoazima ni msingi. Kukataa kunakili zoezi la hesabu la mwenzako, hata kama mwalimu hatagundua, ni msingi. Kukiri kosa na kuomba radhi bwenini ni msingi pia. Anayeiba alama mbili katika jaribio la wiki hujifunza kuiba 20 katika mtihani wa taifa, na kesho atakuwa afisa anayeiba dawa za wagonjwa.

Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi hutusoma sisi kabla ya kuisoma Biblia. Mwalimu anayefundisha Elimu ya Dini ya Kikristo saa mbili, kisha saa nne akawanong'onezea watahiniwa majibu, amebomoa kwa dakika moja alichokijenga kwa mwaka mzima.

Madarasa yale hatimaye yalibomolewa, na gharama ya kuyajenga upya ikazidi ile ya kuchimba vizuri tangu awali. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ufa unaoanzia katika msingi hauzibwi kwa rangi. Tuchimbe sasa, wakati mbingu zingali kavu.