Diferansieli mpya haiwezi kuponya barabara mbovu

Mvua ikinyesha usiku mzima kati ya Butembo na Lubero, asubuhi yake abiria wa gari ndogo wanajua kazi inayowangoja. Gari inafika chini ya mlima, tairi moja ya mbele inazunguka bure ndani ya matope, nyingine imesimama tuli, na shofere anapaza sauti: "Mushuke, musukume!" Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka. Mzee anashuka. Mgonjwa aliyekusanya franka za jamaa nzima ili afike hospitali, naye anashuka.

Kwa sababu hiyo, kila msimu wa mvua mazungumzo yanarudi katika magaraje na kwenye vituo vya teksi. Wenye gari wanaulizana kuhusu diferansieli ya kujifunga, ile inayoitwa kwa Kifaransa autobloquant. Inasemwa kwamba ikiwekwa ndani ya Corolla, Carina ao Probox, gari hiyo ya kawaida itapanda mlima kama jeep. Ndani ya maneno hayo kuna ukweli. Kuna pia hatari, na kuna gharama ambayo mwishoni itaangukia mfuko wa abiria. Inafaa wakaaji wajue mambo hayo yote matatu kabla ya kushangilia.

Kwanza, ukweli. Gari nyingi za teksi katika Kivu ya Kaskazini zinavutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu ya motere inapita katika sanduku la gia, inafika kwenye diferansieli, kisha inagawanywa kwa kardani mbili, moja ya kuume na moja ya kushoto. Diferansieli iko pale kwa sababu nzuri. Gari ikikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kwa gari ya ukubwa wa Corolla, katika kona ya robo ya duara, gurudumu la nje linatembea zaidi ya mita 2 kupita la ndani. Bila diferansieli, moja lingelazimika kuburuzwa.

Shida ni kwamba diferansieli ya kawaida inatoa nguvu sawasawa pande zote mbili, hata pale usawa huo unapoleta hasara. Tuseme gurudumu la kushoto limeingia kwenye matope na linaweza kushika ardhi kwa nguvu ya 10 tu. La kuume liko kwenye udongo mgumu na lingeweza kubeba 50. Diferansieli ya kawaida itatoa 10 huku na 10 kule. Jumla ni 20, na gari haitoki. Ndiyo maana abiria anaona gurudumu moja likizunguka kama pia na lingine limelala, hata kama limekaa mahali pazuri.

Diferansieli ya kujifunga inapunguza tofauti hiyo ya mwendo. Aina inayofaa zaidi kwa gari ya kuvutwa mbele ni ile ya gia zilizokatwa mshazari. Gia zake zinabanana zenyewe na kupeleka sehemu kubwa ya nguvu kwenye gurudumu linaloshika ardhi. Ikiwa inaweza kupeleka mara mbili na nusu, basi pale kwenye 10 ya matope itatoa 25 upande wa pili. Jumla inakuwa 35 badala ya 20. Katika mlima wenye utelezi, tofauti hiyo inaweza kuamua kama gari itafika ao italala njiani. Viwanda vyenyewe vimeitumia: Honda Integra Type R ya mwaka 1995 ilitoka kiwandani ikivutwa na magurudumu ya mbele na ikiwa na diferansieli ya namna hiyo.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia mwisho wake. Gurudumu moja likininginia hewani juu ya shimo, linashika 0. Mara mbili na nusu ya 0 ni 0. Pale diferansieli ya gia inanyamaza kama ile ya kawaida, isipokuwa shofere akanyage freni kidogo huku akitoa mafuta, ili gurudumu linalozunguka bure lipate kitu cha kulizuia. Freni ya mkono haimusaidii hapo, kwa kuwa kwa kawaida inashika magurudumu ya nyuma, ambayo katika gari hizo hayavuti kitu. Na gurudumu zote mbili zikiwa ndani ya matope ya kufika magotini, gari yenye diferansieli ya kujifunga inachimba mashimo mawili badala ya moja.

Sasa, hatari. Kazi ya kuweka kifaa hicho haifanani na kubadilisha betri. Sanduku la gia linatolewa lote, linafunguliwa, ile gia kubwa ya duara inahamishwa kutoka diferansieli ya zamani kwenda mpya, mabeli yanabadilishwa, na nafasi yake inapimwa kwa vipande vyembamba vya chuma kwa vipimo vidogo kuliko unene wa ukucha. Boliti zinakazwa kwa ufunguo wa kupima mkazo, si kwa nguvu ya mkono wa fundi. Meno ya kardani lazima yaingiane na kifaa kipya. Fundi akikosea kipimo, sanduku zima la gia linaweza kujisaga baada ya muda mfupi, na gari inalala njiani na abiria wake. Mafundi wa kuaminika wapo, lakini vifaa vya kupimia havipo katika kila garaje, na mwenye gari anapaswa kuuliza jambo hilo kabla ya kulipa.

Usukani nao unabadilika. Magurudumu yanayovuta gari ndiyo yale yale yanayoigeuza, kwa hiyo nguvu ikihamia upande mmoja, usukani unavuta upande huo. Kwenye barabara ya udongo iliyochimbwa na malori ya Fuso, shofere asiyezoea anaweza kushtuka na kugeuza vibaya, hasa akitoa mafuta mengi ndani ya kona.

Hatari kubwa kuliko zote inatoka kwa njia ya mkato. Kwa kuwa diferansieli ya kweli ni ghali, kuna wanaoshauri kuchoma kwa umeme gia ndogo za diferansieli ya zamani ili zishikamane kabisa. Kazi ya saa chache, bei ya vijiti vya kuchomea. Wanaocheza mashindano ya gari katika uwanja wa vumbi wanaweza kufanya hivyo wakiwa peke yao ndani ya gari zenye kuvutwa nyuma. Katika teksi ya kuvutwa mbele, ni kuweka maisha ya watu rehani. Zile mita 2 za tofauti katika kona hazina tena pa kwenda. Usukani unakuwa mzito, gari inataka kwenda moja kwa moja wakati barabara inageuka, tairi zinakwisha haraka, na kardani inaweza kukatika. Anayejua kona za Kabasha, kwenye njia ya kwenda Beni, anajua kile kilicho upande wa pili wa barabara: bonde. Hakuna haraka ya kufika sokoni inayostahili jambo hilo. Chama cha mashofere kingefanya kazi njema kama kingekataza waziwazi gari za namna hiyo kubeba watu.

Tatu, gharama. Diferansieli mpya ya gia inauzwa dola mia kadhaa, na kwa gari nyingi inapita dola elfu moja, bila kuhesabu usafirishaji na mkono wa fundi. Kwa wengi, hizo ni pesa za kununua nusu ya gari lenyewe. Mwenye teksi hatazitoa kama zawadi. Atazirudisha kwa kupandisha bei ya safari, ao kwa kuongeza mtu mmoja kwenye kiti cha mbele na magunia mawili nyuma.

Na hapo ndipo jambo linageuka kuwa la uchungu. Wanaopanda gari hizo si wafanyabiashara peke yao. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, maelfu ya watu walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Familia nyingi zilifikia kwa jamaa, ndani ya shule na makanisa. Kwao, safari ya gari ni mtoto anayepelekwa hospitali, ni kwenda kuchungulia shamba lililoachwa na maharagi yake, ni kufuata orodha ya msaada iliyotangazwa katika kijiji kingine. Bei ikipanda kidogo, mwenye nyumba yake atanung'unika na kulipa. Mkimbizi atatembea kwa miguu, ao atabaki.

Kabla ya kufika huko, kuna mambo ya bei ndogo ambayo wenye gari wengi wanayaruka. La kwanza ni tairi. Diferansieli inagawa nguvu tu. Kinachoshika ardhi ni mpira. Tairi iliyokwisha na kulainika kama kiganja haitashika matope hata ikiwekewa kifaa cha dola elfu. Tena, tairi mbili za mbele zisizolingana kwa ukubwa zinaifanya diferansieli ya kujifunga ifanye kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Tairi mbili nzuri za mbele, zenye meno marefu, zinaponya shida nyingi za mlima, kwa gharama ambayo shofere anaweza kuibeba.

La pili ni mzigo. Gari ya kuvutwa mbele inahitaji uzito mbele. Ikipanda mlima, uzito unarudi nyuma wenyewe. Sasa mwenye gari anaongeza magunia ya viazi na makaa ndani ya buti, pua ya gari inainuka, na magurudumu ya mbele yanabaki kugusa ardhi kwa heshima tu. Kisha watu wanalaumu diferansieli! Mashofere wa zamani wanaujua ukweli huo; ndiyo maana ikishindikana wanateremsha watu wote na kupandisha gari kinyumenyume, ili uzito uegemee magurudumu yanayovuta. Gunia moja likipunguzwa nyuma linaweza kusaidia kama kifaa cha kigeni, na halilipiwi chochote.

La tatu ni barabara yenyewe, na hapa shofere hana kosa. Matope ya mlima hayashuki kutoka mbinguni kama mvua. Yanazaliwa pale mfereji wa pembeni umezibwa na maji yanakosa njia, yanaingia katikati ya barabara, lori la kwanza linachimba, la pili linapanua. Mfereji ukifunguliwa kwa jembe na beleshi kabla ya mvua, sehemu nyingi zisingekuwa mashimo. Hiyo ndiyo kazi ya kantonaje, na kamati za watengenezaji wa barabara wa vijiji zinaifahamu vizuri, zikilipwa.

Pesa za kuwalipa zina mahali pa kutoka. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria mwaka 2008, na unapata mapato yake kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya malipo ya barabara. Kila shofere anayenunua lita moja ya mafuta amekwisha kuchanga. Abiria naye amechanga kupitia bei ya safari. Ikiwa baada ya hapo mwenye gari anaambiwa anunue diferansieli ya dola elfu ili apite katika barabara aliyokwisha kuilipia, basi analipa mara mbili, na abiria wake pamoja naye. Viongozi wa jimbo na wa mtaa wa Lubero wana deni la kuonyesha raia, kwa maandishi ya kubandikwa ukutani, ni kilometa ngapi za mfereji zimefunguliwa na kwa pesa gani.

Ni kweli kwamba mradi wa barabara na Uganda, uliozinduliwa Desemba 2021, ulipanga kilometa 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini njia ya kusini, kutoka Butembo kupita Musienene hadi Lubero, haimo katika mpango huo, na ndiyo njia ambayo waliokimbia vita wanaitegemea zaidi.

Mwenye gari binafsi, mwenye pesa na fundi wa kuaminika, anaweza kuweka diferansieli ya kujifunga na asijute. Hakuna wa kumulaumu. Lakini kwa teksi za wakaaji, utaratibu uwe huu: tairi kwanza, mzigo wa haki, mfereji uliofunguliwa, na kifaa cha kigeni mwishoni. Kuchoma gia, hapana kabisa.

Na abiria asiingie garini akiwa kipofu. Ana haki ya kuinama na kutazama tairi za mbele, ya kuhesabu magunia yanayopakiwa nyuma, na ya kumuuliza shofere kama diferansieli yake imechomwa. Shofere mwema atajibu bila kukasirika. Akikasirika, afadhali kungoja gari inayofuata.