Ganzi Inayokuja na Kuondoka Si Uchawi

Mama mmoja kijana alikuja katika zahanati yangu hapa Kamenu akilalamika kwamba miguu imekufa ganzi. Nilimpa vidonge vya vitamini, na baada ya majuma machache akapata nafuu. Mwaka uliofuata jicho lake moja lilianza kuuma na kufifia. Safari hiyo jamaa zake walimpeleka kwa mganga, wakidai kwamba maradhi yanayokuja na kuondoka ni ya kutumwa. Aliporudi kwangu alikuwa akitembea kwa mkongojo.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitibu ganzi bila kumwonya arudi akiona dalili nyingine.

Ugonjwa wake huitwa maltipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu hufunikwa na utando uitwao mayelini, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huushambulia utando huo katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Uvimbe ukipungua dalili huondoka, lakini makovu hubaki.

Chanzo si kimoja. Urithi, sigara na upungufu wa vitamini D huchangia. Mwaka wa 2022, utafiti uliofanywa miongoni mwa wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kwamba hatari huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kiligunduliwa London mwaka wa 1964, katika uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda, alikofanya kazi Daktari Denis Burkitt. Hata hivyo msomaji asitishike: karibu watu wazima wote wanacho, na ni wachache mno wanaougua.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari hutafuta dalili kwamba mishipa imeharibika mahali tofauti na, kwa kawaida, nyakati tofauti. Hutumia maelezo ya mgonjwa, picha ya MRI na pengine maji ya uti wa mgongo. Ni lazima pia ahakikishe kwamba si kaswende, Ukimwi, kifua kikuu wala upungufu wa vitamini B12.

Wengi wetu, madaktari tukiwemo, tumezoea kuuita ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli umeenea zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Lakini ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Sisemi kila mwenye ganzi apigwe picha ya MRI, kwani gharama yake ni kubwa na mara nyingi ganzi huletwa na kisukari. Nasema hivi: kijana wa miaka 20 hadi 40, hasa mwanamke, ambaye jicho limefifia kwa maumivu, au miguu imelegea kwa zaidi ya siku moja, apelekwe kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu hata kama amepata nafuu. Dawa zilizopo haziponyi, lakini hupunguza mashambulizi. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi yake katika orodha ya dawa muhimu.

Nawe mgonjwa, andika tarehe ya kila dalili, hata iliyokwisha, umwonyeshe daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ukuta ukishaanguka haujengeki tena.